Waifai ya majengo mengi: jina kwanza, kanuni baadaye

Swali ninaloulizwa sana na mafundi wenzangu hapa Mwanza halihusu kufunga akses pointi, vile vifaa vinavyorusha waifai. Kuvuta waya, kupiga skrubu na kuchomeka, hayo kila mtu anayaweza. Wanauliza hivi: nina hosteli ya majengo matatu, akses pointi zimejaa kila korido, nataka nikichomeka mpya ijipange yenyewe bila mimi kuingia kwenye moja baada ya nyingine. Nianzie wapi? Jibu langu huwa linawakera kidogo: funga laptopu kwanza, tembea jengo zima ukiandika majina.

Nitazungumzia CAPsMAN, ile kontrola (msimamizi wa akses pointi zote) iliyomo ndani ya rauta za MikroTik, kwa sababu haina leseni ya kulipia kila mwaka na ndiyo ninayokutana nayo kwenye hosteli, gesti na shule za huku. Ukitumia kontrola ya kampuni nyingine vitufe vitabadilika, fikra ni ileile.

Kwa ufupi, akses pointi iliyowekwa katika hali ya CAP, yaani ya kuongozwa na kontrola, ikiwaka hutafuta kontrola kwenye mtandao. Ikiipata inajieleza: jina langu ni hili, MAC (namba ya kiwandani) ya redio yangu ni hii, naweza masafa haya, anwani yangu ya IP ni hii. Kontrola inashika orodha ya kanuni zilizoko sehemu ya Provisioning na kuisoma kutoka juu kwenda chini. Kanuni ya kwanza inayolingana ndiyo inayoamua kifaa kipewe konfigi (mipangilio) gani, na zilizo chini yake hazisomwi tena. Kwa hiyo kanuni mahususi hukaa juu, za jumla hukaa chini. Fundi akiniambia kanuni yake haifanyi kazi, kabla ya kuuliza lolote naangalia kama ameizika chini ya kanuni ya jumla.

Sasa kontrola iitambue akses pointi kwa kitu gani? Hapa ndipo wengi huchagua njia rahisi ya leo inayowatesa kesho. Wanachukua MAC ya kila redio, wanaandika kanuni moja kwa kila moja, na siku ya kukabidhi kazi kila kitu kinapendeza. Halafu mvua za mwezi wa kumi na moja zinaanza. Anayeishi kandokando ya Ziwa Victoria hahitaji kuelezwa kuhusu radi. Zinakuja usiku, zinakuja mfululizo, na mlima wa mawe kama Bwiru au Isamilo unazipokea kwa mikono miwili. Asubuhi akses pointi ya ghorofa ya juu imekufa. Mwenye hosteli ananunua nyingine ya aina ileile, kijana wa hapo anaichomeka, na kontrola haiijui, maana MAC imebadilika. Fundi yuko Sengerema au Geita kwenye kazi nyingine, wanafunzi hawana intaneti, simu inaita mpaka chaji inaisha.

Kanuni inayotazama jina haina shida hiyo. Kifaa kinakufa, jina linabaki na mahali pake. Ukikipa kifaa kipya jina la marehemu, kinarithi kila kitu: jina la mtandao, paswedi, VLAN (kigawanyo cha mtandao), chaneli, nguvu ya mawimbi. Na hulazimiki kupanda darini kubadilisha jina. Kwenye kontrola, ukifungua orodha ya Remote CAP, kuna kitufe cha Set Identity na pembeni yake Provision. Unaandika jina, unabonyeza Provision, imekwisha. Hata kwa simu, ukiwa kwenye daladala ya Igoma, unaweza kuifanya ikiwa umejiwekea VPN, njia salama ya kuingia kwenye mtandao huo ukiwa mbali.

Majina yenyewe yanahitaji nidhamu. Mimi hupenda mpangilio unaoanza na kitu kikubwa na kuishia na kidogo: eneo, jengo, ghorofa, mahali. Hosteli ya Malimbe, jengo B, ghorofa ya pili, korido ya mashariki inakuwa MLB-B-G02-MASH. Ile sifuri kabla ya mbili si mapambo. Sehemu ya Identity Regexp inapokea ruwaza, haipokei jina kamili tu, na ruwaza G1 inalingana na G1, G10, G11 na chochote chenye herufi hizo ndani yake. Kwa hiyo anza ruwaza na alama ya ^ ili isomwe kuanzia mwanzo wa jina, na malizia na kistari kinachofuata: ^MLB-B-G02- haiwezi kuchanganywa na kitu kingine. Herufi kubwa na ndogo pia ni vitu viwili tofauti. Amua herufi kubwa tupu na usiruhusu mjadala.

Akses pointi nyingi siku hizi zina redio mbili, moja ya GHz 2.4 na nyingine ya GHz 5, na kontrola inazipangia kila moja peke yake. Ukiandika kanuni moja inayosema "kila kitu cha jengo B kipewe konfigi hii" na konfigi hiyo ina chaneli za GHz 2.4, redio ya GHz 5 nayo itapewa hizohizo, itashindwa kuzitumia na itakaa kimya. Mtumiaji ataona waifai ipo lakini ni nzito. Suluhisho ni kanuni mbili kwa kila kundi, na unazitofautisha kwa Hw. Supported Modes: gn kwa redio ya chini, ac kwa ya juu. Kwa GHz 2.4 nagawa chaneli 1, 6 na 11 tu, basi. Kijana atakayekwambia chaneli 3 "iko wazi" mwonyeshe kwamba inagongana na 1 na 6 kwa pamoja.

Kanuni ya mwisho kabisa kwenye orodha ndiyo naithamini kuliko zote, na ndiyo wengi hawaiandiki. Usipoandika kitu, CAPsMAN ina kanuni yake isiyoonekana: kifaa chochote ambacho hakikulingana na kanuni yoyote kinaundiwa interfesi (nafasi ya redio yake ndani ya kontrola) iliyowashwa, ila haina konfigi. Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanaweka mwishoni kanuni ya "yeyote ajaye apewe waifai ya wageni". Mimi sikubaliani nalo. Ya mwisho iwe na action (kitendo) ya create-disabled. Kifaa kipya chenye jina la kiwandani, MikroTik, kinaingia, kinaonekana kwenye orodha, lakini kimezimwa mpaka mtu akipe jina.

Sababu si unadhifu peke yake. Kontrola ikikubali akses pointi inaipa konfigi, na kuanzia hapo mawasiliano ya watu wa waifai yako yanapita ndani yake. Mwanafunzi mjanja mwenye kirauta cha MikroTik anaweza kukichomeka kwenye tundu la ukutani, akakiweka katika hali ya CAP, na kontrola yako ikamkaribisha kama mgeni wa harusi. Kama mtandao ni wa ofisi au zahanati, washa Require Peer Certificate, kila kifaa kiwe na cheti kabla ya kukubaliwa. Ni kazi ya nusu siku, lakini kwa sehemu yenye taarifa za watu sioni namna ya kuikwepa. Kwa hosteli, angalau ingia kwenye Interfaces za kontrola, kataza zote, halafu ruhusu VLAN ya usimamizi pekee. Kwa kawaida zote huwa zimeruhusiwa, ukiwemo upande wa intaneti, na kontrola hupokea kwenye bandari za UDP 5246 na 5247. Hizo hazina sababu ya kuonekana kutoka nje.

Kuhusu action nyingine mbili, create-enabled na create-dynamic-enabled, ubishi wake hauishi kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Ya kwanza inaunda interfesi ya kudumu: unaweza kuingia ukairekebisha kwa mkono, chaneli hii hapa, nguvu ile pale, na itabaki hata kifaa kikiondoka. Ya pili inaunda interfesi inayoishi kadiri kifaa kinavyoishi. Kifaa kikitoka, nayo inatoweka. Kwa mji wenye radi kama huu nachagua ya pili karibu kila mahali. Ile ya kudumu inakuachia makaburi kwenye orodha, interfesi za vifaa vilivyoungua mwaka juzi, na anayekuja baada yako hajui kipi kizima kipi marehemu. Nikitaka tofauti kwa akses pointi fulani, naandika kanuni yake juu, kwa jina. Tofauti ikiwa ndani ya kanuni inasomeka. Ikiwa ndani ya interfesi mojamoja inafichika.

Jambo linalowachanganya wapya: kubadilisha kanuni hakubadilishi chochote kwenye vifaa vilivyokwisha kuingia. Kanuni husomwa wakati kifaa kinajiunga. Ukitaka mabadiliko yashike lazima ubonyeze Provision kwa vifaa husika, au uvisubiri vizimike na kuwaka. Provision inaangusha waliounganishwa kwa muda mfupi, basi chagua saa. Usiku wa manane, ambao vitabu huusifia, kwenye hosteli ndio saa ya kilele. Watu wanapakua, wanaangalia mpira, wanaongea na nyumbani. Huwa nafanya saa nne asubuhi, vipindi vikiwa vimekolea. Kwa hoteli za Capri Point ni baada ya wageni wa kutoka kutoka na wa kuingia hawajafika.

Halafu umeme. Akses pointi za CAPsMAN zinategemea kontrola iwepo. Ikipotea, waifai inazimika, hata kama umechagua data ipite moja kwa moja kwenye swichi bila kupitia kontrola. Kwa hiyo UPS ya kwanza iende kwa rauta yenye kontrola na swichi inayolisha PoE, ule umeme unaopita kwenye waya wa mtandao. Kompyuta ya mapokezi ina zamu yake baadaye. Umeme ukirudi, msimamizi atakupigia: "Fundi, taa zinawaka lakini ya GHz 5 haionekani." Muulize dakika ngapi zimepita. Sehemu kubwa ya chaneli za GHz 5 zinatumiwa na rada pia, na kifaa kinalazimika kusikiliza kwanza kabla ya kutoa sauti: sekunde 60 kwa chaneli nyingi, na kwa taratibu za Ulaya dakika 10 nzima kwa zile za kati ya MHz 5600 na 5650, ambako rada za hali ya hewa hufanya kazi. Kama hutaki simu hizo, kwenye konfigi weka chaneli 36 hadi 48, zisizo na masharti ya rada, na ukubali kwamba majirani nao wamejazana humo.

Za nje zipewe kundi lao. Mimi naongeza neno NJE kwenye jina, na kanuni yake inakaa juu ya kanuni ya jengo. Akses pointi iliyofungwa kwenye bustani inayotazama maji haina kizuizi mbele yake. Mawimbi yanakwenda mbali na inasikia mitandao ya watu usiowafahamu. Ile iliyofungwa nyuma ya jabali la mita kumi haisikii hata ya jirani wa pili. Ukizipa zote nguvu moja utakuwa umekosea zote mbili. Ya ziwani ipunguze nguvu na weka Installation kuwa outdoor, nchi iwe Tanzania. Ya nyuma ya jabali usiiongezee nguvu, haitapenya graniti, ihamishe.

Wenye matawi huuliza kama kontrola moja ya mjini inaweza kuendesha na tawi la Nansio, kule Ukerewe. Kiufundi ndiyo: DHCP (huduma inayogawa anwani za IP) ya kule unaiwekea option 138 yenye IP ya kontrola, na kanuni unaitofautisha kwa eneo la anwani za IP badala ya jina. Ushauri wangu ni usifanye hivyo. Kiungo cha kuvuka maji kikiyumba, waifai yote ya kisiwani inazima, hata printa ya ofisi iliyo mita mbili kutoka kwa mtu haipatikani. Rauta ndogo ya MikroTik inatosha kuwa kontrola ya tawi. Nakili kanuni zilezile, badilisha herufi tatu za mwanzo wa majina, basi.

Kabla hujanunua vifaa vipya angalia vya zamani. Akses pointi za kizazi cha ax (Wi-Fi 6) zinaongozwa na kontrola mpya iliyo chini ya menyu ya WiFi, na CAPsMAN ya zamani haizioni. Kuanzia toleo la 7.13 la RouterOS, programu endeshi ya MikroTik, zote mbili zinaweza kukaa kwenye rauta moja, ila ni orodha mbili za kanuni, na lazima uzilinganishe mwenyewe. Kwenye mpya utakuta Supported Bands mahali pa Hw. Supported Modes.

Kijana wa hosteli mwachie maelekezo mafupi ya kubadilisha kifaa kilichoungua: shikilia kitufe cha reset huku ukichomeka umeme, taa itapepesa, endelea kushikilia mpaka iwake bila kupepesa, kama sekunde kumi, achia. Akiachia mapema anafuta konfigi tu. Akichelewa mpaka taa izime, kifaa kinaingia Netinstall (hali ya kusakinishwa programu upya) na kitamngoja fundi. Baada ya hapo anakutumia picha ya MAC iliyoko mgongoni na anakwambia amekifunga wapi, wewe unakipa jina.

Na chukua nakala ya kanuni zako kwa amri ya export, uihifadhi nje ya jengo, maana radi haichagui, kontrola nayo huungua. RouterOS 7 huficha paswedi kwenye export mpaka uongeze show-sensitive. Bila neno hilo utarudisha kanuni zote vizuri kabisa, na waifai yenye jina lilelile isiyofungua simu ya mtu yeyote.