Hanesi ya kupandia mnara wa antena: maswali yenu

Nina mkanda mpana wa ngozi wa kiunoni, wa mafundi wa nguzo wa zamani. Bado mzima kabisa. Unafaa kwa mnara wangu wa redio ya ridhaa?

Haufai, hata ungekuwa mpya. Mkanda ule ulitengenezwa kumshikilia mtu aliyekwisha kutulia mahali pake ili mikono yake iwe huru. Kumdaka anayeanguka si kazi yake. Ukianguka nao, kishindo chote kinaishia tumboni na kwenye uti wa mgongo, na ukipinduka kichwa chini unaweza kuchomoka. Kanuni za usalama kazini za Marekani ziliukataa kama kifaa cha kudakia tangu Januari 1, 1998. Ni kweli kanuni hizo zinawahusu walioajiriwa, si wewe unayepanda mnara wako Jumamosi, lakini ardhi mnayoangukia ni ile ile.

Nunua hanesi ya mwili mzima, yenye mikanda ya mabega, kifua na mapaja. Pete ya mgongoni, katikati ya mabega, ndiyo ya kukudaka. Pete mbili za ubavuni ni za kukuegemeza tu unapofanya kazi. Usifunge humo kamba ya kudakia. Kwenye lebo tafuta alama za viwango vya usalama: vya Ulaya ni EN 361 pamoja na EN 358 kwa zile pete za ubavuni, na cha Kimarekani ni ANSI Z359.11.

Na hanesi ya kukwea miamba je? Ninayo tayari.

Iache kwenye miamba. Mkwea miamba hudakwa na kamba inayonyumbuka, na hanesi yake imeundwa ikitegemea hilo. Kamba za mnarani hazinyumbuki hivyo. Tena kwa kawaida haina pete ya mgongoni wala za ubavuni, kwa hiyo utaegemea nini ukifunga boliti?

Kila nikihamia kipandio cha juu inanibidi nifungue kulabu. Kuna njia nyingine?

Ipo: lanyadi, yaani kamba fupi ya kukufunga kwenye mnara, yenye miguu miwili na kifyonza mshtuko, utepe uliokunjwa unaofunguka na kurefuka ukianguka ili kupunguza kishindo. Unatundika mguu wa pili juu kabla ya kufungua wa kwanza, hivyo hakuna sekunde unayokuwa huru. Tundika kwenye chuma kinene cha wima, si vile vyembamba vya mshazari, na iwe juu ya kichwa kila inapowezekana. Sababu ni hesabu: lanyadi ya mita 2, kifyonza kinachoweza kurefuka hadi mita 1.75, mwili wako chini ya pete, na nafasi ya ziada ya usalama kabla ya ardhi. Jumla inazidi mita 5. Aliyetundika kwenye usawa wa miguu akiwa mita 4 juu atafika chini kabla lanyadi haijamaliza kazi yake.

Kosa ninaloliona mno: mguu usiotumika kurudishwa kwenye pete ya ubavuni ili usining'inie. Hapo kifyonza kinaweza kushindwa kufunguka. Tumia kishikizo chepesi kilichowekwa kwa ajili hiyo.

Nina uzito wa kilo 125. Itanibeba?

Jipime ukiwa na nguo, viatu na zana. Za kiwango cha ANSI nyingi zinaishia kilo 140. Ukizidi, tafuta hanesi na kifyonza vilivyoandikwa uzito wako, vyote viwili.

Ya mitumba?

Hapana. Huwezi kujua kama imewahi kumdaka mtu, na ikishadaka mara moja ni ya kukatwakatwa. Hata yako mpya, iweke mbali na jua na asidi ya betri, na ikaguliwe na mjuzi angalau mara moja kwa mwaka.

Hanesi ikinidaka, si nimeshapona?

Bado. Ukining'inia bila kusogea, mikanda ya mapaja huzuia damu kurudi moyoni, na unaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Chagua hanesi yenye vitanzi vya kukanyagia, ili usimame na kulegeza mapaja. Usipande ukiwa peke yako: chini awepo mtu mwenye helmeti, aliyekwisha kuelewana nawe jinsi ya kukushusha, na ambaye hatamruhusu yeyote kuwasha redio ukiwa bado karibu na antena.