"Kidimbwi hakionekani": kwa mnaoanza kuandika tathmini za awali za ardhi

Wadogo zangu, rasimu zenu za tathmini, yaani ripoti za kueleza ardhi imepitia nini na ina hatari gani kabla ya kujengwa, nazisoma zote, hata zile mnazozituma usiku mkidhani sitafika ukurasa wa mwisho. Jedwali la historia ya eneo mnalijaza vizuri sana, ramani baada ya ramani. Kisha naingia sura ya hatari na kukutana na mwandishi mwingine kabisa, ambaye jedwali lile hajaliona. "Hatari: ndogo. Hatari: ndogo. Hatari: ndogo hadi ya wastani." Hiyo ya mwisho najua mmeiandika kwa woga.

Nimechoka kurudia mambo haya pembezoni mwa kurasa, kwa hiyo nayaweka hapa.

1. Kilichofutika kwenye ramani hakijafutika ardhini.

Hili lina hadithi, na hadithi yenyewe ni yangu. Nilikuwa mgeni kazini kama ninyi, nikapewa eneo jepesi: malisho matupu, nyumba za kawaida zinakuja, hakuna kiwanda wala kituo cha mafuta karibu. Ramani ya zamani kuliko zote ilionyesha kidimbwi kwenye kona moja. Ramani iliyofuata haikukionyesha. Nikaandika kwenye jedwali, kwa maneno yangu mwenyewe, "Kidimbwi hakionekani," nikaenda safu ya chini yake.

Sikujiuliza kwa nini kidimbwi chenye kingo kali kikae katikati ya udongo wa mfinyanzi bila kijito kinachoingia wala kinachotoka. Kumbe lilikuwa shimo la watu waliochimba udongo wa matofali, wakahama, mvua ikalijaza. Sikujiuliza pia ni nani aliyelifukia, na kwa kitu gani. Sura ya hatari nikaifungua kwa sentensi niliyoionea fahari: eneo halijawahi kuendelezwa, kwa hiyo hakuna chanzo cha uchafuzi ndani ya mipaka yake. Mkuu wangu alikuwa na haraka, akasaini. Mteja alifurahia ripoti fupi. Mashimo ya kuchoronga ili kuchunguza udongo tukayapanga kwa kufuata barabara za mradi, na hakuna hata moja lililoangukia kwenye kona ile.

Kona ile ikaja kufunguliwa na mtaro wa msingi. Upande mmoja wa mtaro mfinyanzi mgumu, safi, wa kupendeza. Hatua chache mbele, majivu meusi, chupa, vipande vya matofali, mbao zilizooza, na chini yake tope laini linalonuka. Nyumba moja ilikuwa ikae nusu kwenye udongo mgumu na nusu kwenye takataka. Kila mmoja wenu anajua jengo la namna hiyo linavyotitia upande mmoja na kupasuka. Viwanja vya kona hiyo vikasimamishwa, misingi ikachorwa upya kwa nguzo za kina, majivu yakapelekwa maabara kupimwa madini ya risasi na mabaki ya mafuta. Tukafunga na mabomba ya kupimia gesi, maana vitu vilivyooza chini ya ardhi hutoa methani na kaboni dioksidi kwa miaka mingi.

Yote hayo ningeyavumilia. Kikao ndicho kilichonivunja. Mhandisi wa mteja alifungua ripoti yangu, si kwenye sura ya hatari, bali kwenye jedwali. Akasoma taratibu: "Kidimbwi hakionekani." Akaniangalia. "Kilikwenda wapi?" Nikaanza kujibu kuhusu skeli za ramani na tarehe za upimaji, nikajisikia ninavyoongea, nikanyamaza. Kama ramani ile isingekuwepo, ningejitetea. Lakini nilikuwa nayo, nilikiona kidimbwi, nilikipiga chapa. Nilichoshindwa ni kukibeba kutoka ukurasa wa jedwali hadi ukurasa wa hatari, kurasa chache tu mbele.

Tangu siku hiyo kila kinachochomoza au kupotea kwenye ramani nakipa mstari wake wa chanzo, njia na mpokeaji (uchafu unatoka wapi, unapita wapi, unamfikia nani au nini), hata kama mstari wenyewe utaishia kusema njia haipo. Na mchoro wa mradi naulaza juu ya ramani zote za zamani kabla sijaweka alama ya shimo la kwanza.

2. Hati za umiliki zisomwe hadi mstari wa mwisho.

Msidhani kupoteza taarifa iliyoandikwa ni ugonjwa wa wageni peke yao. Love Canal, kule Niagara Falls, Marekani, tani zipatazo 21,000 za taka za kemikali zilifukiwa kati ya miaka ya 1940 na 1953. Mwaka 1953 ardhi ikauzwa kwa bodi ya shule kwa dola 1, na hati ya mauzo yenyewe ilitaja kwamba chini kuna kemikali. Shule ikajengwa, nyumba zikafuata kando yake. Agosti 1978 Rais Jimmy Carter akatangaza hali ya dharura na familia zikaanza kuhamishwa. Ninyi mnaoniambia "hati ni kazi ya wanasheria", someni tena sentensi hiyo ya hati ya mauzo.

3. Gesi haijui mpaka wa mteja.

Loscoe, Uingereza, Machi 1986: nyumba ililipuka na watu watatu waliokuwemo wakajeruhiwa. Gesi ilitoka kwenye dampo la jirani, ikasafiri kupitia matabaka ya miamba, na mgandamizo wa hewa uliposhuka ghafla ikapata nafasi ya kupanda. Methani hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Kwa hiyo mkinipa vipimo vilivyochukuliwa vyote siku za jua na mgandamizo wa juu, nitavirudisha. Na duara la utafutaji lisiishie kwenye uzio.

4. Nendeni kwa miguu, na mapema.

Bomba jembamba lililosimama peke yake ukutani mara nyingi ni pumzi ya tangi lililofukiwa. Visiki vibichi kwenye mfinyanzi vinamaanisha udongo utafyonza maji na kuvimba, kwa hiyo muulizeni mteja ni lini aliikata miti na kwa nini aliikata kabla hatujafika (jibu huwa la kuchekesha). Kifusi cha jengo la zamani mkihesabu kina asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, hadi maabara iseme vinginevyo. Jirani mwenye maneno mengi msimkimbie. Na picha zipigeni mkigeukia pande zote nne. Nina albamu nzima ya picha za viatu vyenu.

5. "Hakuna" na "hatukuona" si ndugu.

Andikeni mlichotafuta, mlipotafuta, na pengo la miaka kati ya ramani mbili. Shimo linaweza kuchimbwa, kujazwa na kuota nyasi ndani ya pengo hilo bila mpima ramani yeyote kupita.

6. Mchorongaji hasomi ripoti yenu.

Na hana sababu ya kuisoma. Anasoma karatasi moja iliyofungwa kwenye ubao wake, mara nyingi imelowa. Tangi mnalolishuku, shimo lililofukiwa, kebo iliyo chini ya njia, vyote viwe kwenye karatasi hiyo kwa herufi kubwa, hata kama ripoti inavieleza kwa ufasaha ukurasa wa arobaini. Kuna fundi mmoja wa mtambo ninayempenda sana, ambaye kabla hajazima injini ya gari huuliza, "Leo nisitoboe wapi?" Juzi alimuuliza mmoja wenu, na mmoja wenu akampa namba yangu ya simu.