Barua kwa mwanangu: Miaka miwili ya chuo isiyo na cheti

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Baba yako naye kausikiliza, akasema nijibu mimi kwa kuwa ndiye niliyezeekea ofisi ya utumishi.

Unaomba kazi serikalini. Stashahada yako ya utunzaji kumbukumbu unayo, na juu yake una miaka miwili ya shahada uliyoishia njiani ada ilipokwama. Sasa hujui hiyo miaka miwili uiandike vipi kwenye CV. Rafiki yako mmoja anasema andika "Shahada, 2021–2023" halafu ukae kimya, atakayesoma atajijazia mwenyewe. Mwingine anasema ifute kabisa, usije ukaonekana shule ilikushinda. Wote wawili usiwasikilize.

Nianze na wa kwanza, maana ushauri wake ndio mtamu. Fungua tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira, ile inayotangaza nafasi za serikali na kuendesha usaili, ushuke mpaka kwenye masharti ya jumla ambayo vijana huwa mnayaruka. Yanasema wazi kwamba hati za matokeo ya muda hazikubaliwi, na kwamba atakayewasilisha taarifa au sifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria. Tuseme umepenya kwenye mchujo wa maombi. Siku ya usaili unatakiwa uje na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, stashahada, na shahada kama ulisema unayo. Yule anayekagua hakuulizi habari za maisha yako. Ana jina lako kwenye orodha, anafunua vyeti kimoja kimoja, na akifika pale uliposema shahada na mkononi huna kitu, anakurudisha. Nauli ya Dodoma umejilipia, chakula na malazi pia, maana tangazo la usaili huwa linasema kila msailiwa atajigharamia. Na hapo bado nahesabu kwamba umegunduliwa mapema, ambayo ni bahati.

Wanaogunduliwa wakiwa wamechelewa ndio nawaonea huruma. Aprili 2017, pale Dodoma, Rais Magufuli alipokabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti, watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Nilikuwa kazini wakati ule. Miongoni mwa walioondoka walikuwemo wachapa kazi hasa, watu ambao ukiwapa jambo unalala usingizi. Wewe hujaghushi kitu na najua hutaghushi. Ninachotaka uone ni kwamba uhakiki haukuwafuata siku ya kuajiriwa. Uliwakuta mtu ana watoto shuleni na mkopo benki. CV yako ikishaingia kwenye faili, haitoki humo.

Huyo rafiki wa pili ana woga tu. Ukiifuta miaka miwili, pale kati panabaki shimo, na wasaili huanza na shimo. Isitoshe ulikopeshwa na Bodi ya Mikopo. Aliyeacha masomo njiani ni mdaiwa sawa na aliyehitimu, na ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hati yako ya mshahara ya kwanza tu itasema ulisoma chuo kikuu. Utaficha nini?

Basi andika. Kwenye CV, chini ya stashahada, weka hivi:

"2021/2022 – 2022/2023: Masomo ya Shahada ya Utunzaji Kumbukumbu na Nyaraka (hayajakamilika). Nimemaliza mwaka wa kwanza na wa pili kati ya mitatu."

Ongeza jina la chuo. Kama nakala yako ya matokeo inaonyesha krediti, yaani alama za uzito wa kila somo, ziandike nazo. Kwa mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya miaka 3 haipungui krediti 360, kwa hiyo msomaji ataona umefika wapi bila kukisia. Halafu taja masomo manne au matano yanayogusa kazi unayoomba. Nasema uliyofaulu, si uliyojiandikisha. Lile ulilobaki nalo na sapu, yaani mtihani wa marudio, liache. Wastani wa alama usiuweke, maana wastani wa shahada isiyokamilika unasomeka kama wa shahada nzima, hata kama hukukusudia. Na "natarajia kuhitimu" iandike tu kama bado umesajiliwa, jambo ambalo kwa sasa si kweli.

Hapo kuna kitu hukuniambia. Ulipoondoka, uliandika barua ya kuahirisha masomo ukajibiwa, au ulifunga begi ukaja nyumbani? Mbele ya chuo hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Mwenye barua yake ameahirisha. Asiye nayo anaweza kuwa kwenye kumbukumbu kama mtoro wa masomo, na ukiandika "nimeahirisha" halafu chuo kikaulizwa kikajibu vingine, umeshaonekana mwongo kwa jambo ambalo lilikuwa la kweli moyoni mwako. Kabla hujagusa CV, piga simu ofisi ya udahili uulize jina lako limeandikwaje. Uulize na nakala ya matokeo ya miaka miwili, na kama kuna deni la ada linaloizuia tujue ni kiasi gani. Hilo baba yako amesema tulizungumze.

Kwenye Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi za serikali, kuwa mwangalifu zaidi. Ile sehemu ya sifa za kitaaluma ni ya vitu vyenye cheti. Usijaze shahada pale ukapakia karatasi ya matokeo ili tu mfumo ukukubalie. Weka stashahada, na habari ya chuo kikuu ikae ndani ya CV unayoambatisha. Mwisho wa fomu kuna tamko unalothibitisha kwamba yote uliyojaza ni kweli. Watu hulibonyeza bila kusoma, wewe lisome.

Sasa nafasi yenyewe. Afisa Kumbukumbu anatakiwa awe na shahada, na miaka miwili si shahada, hata uipambe vipi. Wewe omba Msaidizi wa Kumbukumbu Daraja la II, ambayo inataka stashahada. Najua utanuna. Lakini soma majukumu yake: kutafuta mafaili yanayohitajiwa na wasomaji, kuchambua na kupanga nyaraka kwa makundi ya somo husika, kuzipanga kwenye reki masjalani. Wengi watakaokaa nawe kwenye usaili wataishia hapo. Wewe mwaka wa pili uliisoma Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002, na ulisoma utunzaji wa nyaraka za kielektroniki wakati ofisi nyingi zinahamia kwenye ofisi mtandao. Wakikuuliza faili likishamaliza kazi yake linakwenda wapi na kwa idhini ya nani, utajibu kama mtu anayejua. Hiyo miaka miwili hailipwi kwenye mchujo wa vyeti. Inalipwa kwenye usaili, ukiwa umekaa mbele yao.

Wakikuuliza kwa nini hukumaliza, jibu kwa sentensi moja: ada ilikwama, na nia ya kumalizia ipo. Usianze kuwasimulia habari ya nyumbani, wala usikilaumu chuo.

Shahada utaimalizia. TCU ina utaratibu wa kuhamisha krediti, kwa hiyo huenda usianze upya hata ukibadili chuo, na Chuo Kikuu Huria kinasomesha watu walioko kazini kila siku. Ukishaajiriwa omba kwanza ruhusa ya mwajiri kwa maandishi, kisha usome. Ukihitimu unaomba kubadilishwa kada. Nimepitisha barua za namna hiyo nyingi tu, na waliopata tabu ni wale waliosoma kimyakimya bila ruhusa.

Wadhamini wanatakiwa watatu. Mmoja awe yule mhadhiri aliyekufundisha mwaka wa pili, na umpigie kabla ya kuandika jina lake, umwambie unavyoieleza ile miaka miwili, ili akiulizwa asishangae.

Nitumie rasimu kwa WhatsApp, iwe Word, si picha. Macho yangu hayasomi picha tena.

Mama yako