Maswali ya Wasomaji: Viatu vya Kupendeza kwa Miguu Yenye Yabisi

SWALI: Habari za kazi. Nina miaka 56. Daktari ameniambia gegedu (tabaka laini linalokinga ncha za mifupa) la kiungo cha gumba la mguu wa kulia limelika. Niliacha skuna, nikanunua viatu bapa vilivyo laini kiasi cha kukunjika mkononi, lakini maumivu yamezidi. Kazini nakutana na wateja kila siku na sitaki kuvaa viatu vya kigonjwa. Nifanyeje? *Mama wa Ofisini*

JIBU: Ulaini huo ndio unaokuumiza, mama. Katika kila hatua, kisigino kikishanyanyuka, uzito wa mwili hupita juu ya kiungo hicho cha gumba, nacho hulazimika kujikunja. Soli laini hujikunja pamoja nacho, na mifupa iliyopoteza gegedu husagana. Unahitaji soli ngumu ambayo mbele imepinda kidogo kwenda juu, ili mguu ubingirike kwenda mbele bila gumba kukunjwa.

Dukani, weka kiatu juu ya meza: ncha ya soli isiiguse meza. Kisha shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, ujaribu kukikunja. Kikikunjika katikati, chini ya uvungu wa wayo, kirudishe. Hicho hakimfai mtu yeyote. Kikikunjika kwa shida, tena penye vidole tu, hicho ndicho chako. Kisokote pia: kisikubali kwa urahisi. Mwisho, bonyeza sehemu ya nyuma inayokumbatia kisigino, nayo isibonyee. Ugumu huu ni wa soli na kisigino tu. Sehemu ya juu iwe ngozi laini au kitambaa kinachovutika.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kutegemea namba waliyoizoea. Pima jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo. Simama wima juu ya karatasi, umevaa soksi utakazovalia kiatu hicho, na mtu mwingine akuchoree, penseli ikiwa imesimama wima. Chora miguu yote miwili, kisha nunua kwa kufuata ule mkubwa. Kata michoro hiyo uende nayo dukani. Chomoa soli ya ndani ya kiatu uweke mchoro juu yake: karatasi ikizidi popote, hasa upande wa gumba, usijisumbue hata kukivaa. Ukikivaa, kati ya kidole kirefu kuliko vyote (na huenda si gumba) na ncha ya kiatu pabaki sentimita 1 hadi 1.5 ukiwa umesimama.

Usisahau kimo cha kiatu kwa ndani. Gumba lenye yabisi mara nyingi huota nundu ya mfupa kwa juu, kwa hiyo kiatu kinaweza kuwa kipana vya kutosha na bado kikakuchubua. Mshono, kifungo au pambo la chuma likipita juu ya nundu hiyo, kiache hata kiwe kizuri namna gani.

Na uzuri upo, tena mwingi. Kiatu chenye ncha kinakubalika iwapo kinaanza kuchongoka baada ya vidole kuishia. Rangi nyeusi au damu ya mzee, isiyong'aa, hupunguza upana machoni, na mdomo wa kiatu uliokatwa kwa umbo la V huurefusha mguu. Chagua chenye kamba, zipu au mkanda juu ya wayo. Kiatu cha kutumbukiza tu hulazimisha vidole vijikaze ili kisivuke, na kiungo chako hakiwezi kazi hiyo siku nzima.

Kama una jozi unayoipenda yenye nafasi ya ziada, bamba jembamba la nyuzi za kaboni chini ya soli ya ndani huifanya iwe ngumu. Fundi viatu mzuri anaweza pia kuongeza soli iliyopinda mbele, ila aongeze viatu vyote viwili, kimo kilingane.

SWALI: Binti yangu anaolewa. Miguu inauma mbele, chini ya vidole, lakini siku hiyo natamani kisigino, japo kidogo. *Mama wa Bibi Harusi*

JIBU: Hongera, mama. Kisigino kiwe kinene, au soli iwe nene mfululizo kutoka nyuma hadi mbele. Kinachoutupa uzito kwenye vidole ni mteremko: kisigino cha sentimita 5 chenye soli ya mbele ya sentimita 2 kina mteremko wa sentimita 3 tu. Usizidishe hapo. Kiwe na mkanda wa kifundoni au juu ya wayo. Kama gumba lako halikunjiki, achana na kisigino kabisa.

Kivae nyumbani kwenye sakafu ngumu kwa nusu saa, kisha ukague ngozi. Wekundu ambao haujapotea baada ya nusu saa nyingine ni dalili kwamba kinabana. Peleka viatu kwa fundi nguo kabla hajakata pindo la gauni, na ubebe jozi ya pili ya kubadilisha.

SWALI: Nina baridi yabisi mikononi na miguuni. Kufunga kamba ni shida, na nikitembea nahisi kama nakanyaga kokoto. Nimeweka pedi ndani ya kiatu, pale panapouma, lakini haisaidii. *Baba wa Watatu*

JIBU: Pedi ikikaa chini ya mahali panapouma huongeza mgandamizo palepale. Ikae nyuma yake, upande wa kisigino, iinue mifupa na kupunguza uzito mbele. Ili usikosee, paka rangi ya midomo pale panapouma zaidi, vaa kiatu bila soksi, tembea hatua chache. Alama itabaki kwenye soli ya ndani. Bandika pedi ili ukingo wake wa mbele uishie nyuma kidogo ya alama hiyo. Anza na nyembamba, milimita 3 hadi 5.

Badilisha kamba ziwe za lastiki, au nunua viatu vya velkro au vyenye zipu ubavuni, na utumie kijiko cha kuvalia viatu chenye mpini mrefu. Kagua nyayo kila jioni. Kidonda, ganzi, au kiungo kilichovimba ghafla kikawa chekundu na cha moto: mwone daktari mara moja, kaka.

SWALI: Muuzaji anasema kiatu kinachobana kitaachia nikikizoea. Ni kweli?

JIBU: Ngozi halisi huachia kidogo kwa upana, kamwe si kwa urefu, na ngozi ya bandia karibu haiachii kabisa. Kama kinabana mahali pamoja tu na ni cha ngozi halisi, fundi viatu anaweza kupavuta hapo kwa kifaa cha kupanulia. Kikibana kwa urefu, kirudishe.