Vitabu 41: Mgeni wa Discworld Aanzie Wapi

Kila anayejiunga na kikundi chetu cha kusoma hapa Nairobi, akishawasikia watu wakichekea Discworld, ule mfululizo wa riwaya za uchawi na mzaha wa Terry Pratchett, huuliza swali moja: vitabu viko 41, nianze na kipi? Kabla hajajibiwa, mtu keshatoa simu na kumwonyesha ule mchoro wa mishale, kitabu hiki kinakwenda kwa kile, kile kwa kingine. Mgeni huutazama, hushukuru kwa adabu, na hasomi kitu.

Achana na mchoro kwanza. Soma Guards! Guards!, kilichotoka 1989. Ukikimaliza na ukataka zaidi, ndipo tuongee habari ya mpangilio.

Kwa nini si cha kwanza? Hilo ni swali la haki. The Colour of Magic kilitoka 1983, na Pratchett alikuwa akizifanyia mzaha hadithi za upanga na uchawi zilizokuwa zimevuma Uingereza na Marekani. Kama hukuzisoma hizo, nusu ya mzaha inakupita. Tena hakina kisa kimoja kilichoshikamana. Ni visa vinne vilivyounganishwa, na kinakatika mhusika mkuu akidondoka ukingoni mwa dunia (dunia yenyewe ni bapa, imebebwa na ndovu wanne waliosimama juu ya kasa mkubwa), kwa hiyo inabidi utafute The Light Fantastic cha 1986 ujue kilichompata. Halafu watu utakaowapenda baadaye, hapo bado hawajawa wao. Mauti, ambaye hupita karibu katika kila kitabu akiongea kwa herufi kubwa, humu ana roho mbaya. Ukifika Mort, cha 1987, amekuwa mtu wa kumwonea huruma. The Colour of Magic na The Light Fantastic visomwe, sikatai, lakini na mtu ambaye tayari ni mwenyeji.

Jambo la kuelewa ni kwamba hii si hadithi moja ndefu iliyokatwa vipande 41. Ni dunia moja yenye mikondo kadhaa, na kila mkondo una watu wake: askari wa jiji la Ankh-Morpork, wachawi wa kike wa ufalme mdogo wa Lancre kule milimani, Mauti na jamaa zake, Rincewind ambaye ni mchawi mwoga asiyeweza uchawi, Tiffany Aching binti wa wafugaji kondoo, na tapeli anayeitwa Moist von Lipwig. Vichache vinasimama peke yake. Mtu wa mkondo huu huonekana kwenye mkondo ule, akasalimia, akaenda zake. Ukioa katika ukoo mkubwa hungoji kusomewa nasaba yote ndipo ule pilau. Unajua huyu ni shemeji, yule ni shangazi, wengine utawajua polepole. Basi ukikutana na mhusika ambaye kila mtu kitabuni anamjua isipokuwa wewe, mwache apite. Usikimbilie simu kumtafuta, maana utakachosoma huko kitakuharibia vitabu vitano.

Ndani ya mkondo mmoja, lakini, shika mwaka wa kuchapishwa na usiuache. Nitachukua mkondo wa askari kwa sababu ndio unaoumia zaidi ukivurugwa. Katika Guards! Guards!, Sam Vimes ni kapteni wa doria ya usiku, mlevi, mkuu wa kikosi kidogo ambacho hakuna anayekiheshimu. Hawana kazi ya maana, kwa kuwa wizi jijini umehalalishwa: wezi wana chama chao na ukiibiwa unapewa risiti. (Msomaji wa Nairobi hapo hahitaji kufafanuliwa sana.) Anatokea kijana Carrot, amelelewa na jamii ya watu wafupi wachimba migodi, amekisoma kitabu cha sheria za jiji na anaamini kwa dhati kwamba sheria ziliandikwa ili zifuatwe. Siku yake ya mwanzo kazini anamkamata mkuu wa chama cha wezi. Wakati huohuo kuna watu wanakutana gizani kuita joka.

Kuanzia hapo ni Men at Arms (1993), Feet of Clay (1996), Jingo (1997), The Fifth Elephant (1999), kisha Night Watch (2002). Kikosi kinapanuka, kinaandika watu ambao jiji lilikuwa likiwabagua, Vimes anapanda cheo bila kupenda, na Ankh-Morpork yenyewe inabadilika kitabu baada ya kitabu. Wengi wetu tunakihesabu Night Watch kuwa bora kuliko vyote, na hapo ndipo penye mtego. Mgeni husikia sifa zake akakianza hichohicho. Vimes anarushwa nyuma miaka thelathini, kwenye mitaa ya ujana wake, jiji likiwa linakaribia kuwaka moto wa mapinduzi. Ukikisoma bila vilivyotangulia utaelewa kila kinachotokea, ila hakitakuuma. Kinauma kwa sababu umekwisha kuishi na wale askari wakiwa watu wazima, unajua nani atakuwa nani, na sasa unawaona wakiwa vijana wasiojua kinachowangoja. Nimewaona waliokianza mapema. Walisema ni kizuri, wakaendelea na mambo yao.

Kwa wachawi wa kike, mlango ni Wyrd Sisters cha 1988. Equal Rites kilikitangulia kwa mwaka mmoja na Granny Weatherwax, mchawi mkuu wa mkondo huu, yumo, lakini si Granny yule atakayekuja kuwa. Aliyesoma Macbeth shuleni ataanza kucheka ukurasa wa kwanza. Baadaye kuna Witches Abroad (1991), na ukikifikia Lords and Ladies (1992) utakuta Pratchett ameweka neno mwanzoni: vitabu vyake vingi vinajisimamia, lakini hiki hakiwezi kuyapuuza yaliyotangulia. Mwandishi mwenyewe akionya hivyo, mimi ni nani nikubembeleze ukiruke?

Mkondo wa Mauti ni Mort, Reaper Man, Soul Music, Hogfather na Thief of Time, kwa mpangilio huohuo. Susan, mjukuu wake, anaingia Soul Music, na ukitaka kujua Mauti alipataje mjukuu, asili yake iko Mort.

Moist ana vitatu tu, kuanzia Going Postal cha 2004: tapeli aliyehukumiwa kunyongwa anapewa nafasi ya kuishi, mradi afufue posta ya jiji iliyokufa, majengo yamejaa barua ambazo hazikuwahi kupelekwa. Huyu nampa mtu anayefanya kazi ofisini na anayedai hapendi hadithi za uchawi. Small Gods (1992) nampa mtu wa kubishana. Mungu wa dini kubwa, yenye makasisi, majeshi na vyumba vya mateso, anajikuta amekuwa kobe, kwa kuwa katika taifa zima amebaki na mwumini wa kweli mmoja tu. Hakina kitangulizi wala mwendelezo. Katika jiji lenye spika ya mahubiri kila kona, kitabu hicho hakikosi wa kukizungumza naye.

Watoto na waanze na Tiffany, The Wee Free Men cha 2003, ambamo ana miaka tisa. Ila kuna onyo hapa. Mkondo wake unaishia The Shepherd's Crown, kilichotoka 2015 baada ya Pratchett kufariki Machi mwaka huohuo, na ndicho cha mwisho cha Discworld nzima. Kurasa zake za mwanzo zina tukio ambalo halifai kumfikia mtu ambaye hajamaliza vitabu vya Granny Weatherwax. Mtoto akikimaliza kabla yako, mwombe anyamaze.

Sasa, usichukue ushauri huu ukaupeleka kwenye kila mfululizo. The Wheel of Time ya Robert Jordan ni hadithi moja kweli, juzuu 14 kutoka 1990 hadi 2013, tatu za mwisho zikamaliziwa na Brandon Sanderson baada ya Jordan kufariki 2007. Hiyo huingilii katikati. Juzuu ya tano peke yake ni karatasi nzito tu. Tena kuna kitangulizi, New Spring, ambacho kimasimulizi ndicho cha awali kabisa, lakini kiliandikwa kwa ajili ya watu walioshafika mbali. Namba iliyochapwa mgongoni nayo hudanganya. Narnia ya C. S. Lewis siku hizi inauzwa The Magician's Nephew kikiwa namba moja, ilhali kilitoka 1955, cha sita kati ya saba. Cha kwanza kutoka kilikuwa The Lion, the Witch and the Wardrobe, 1950. Humo msichana anapita kabatini na kukuta taa ya barabarani imesimama msituni kwenye theluji, na raha yote ni kutojua imefikaje huko. Ukitangulia na kile kingine, umeshaambiwa.

Kwa hiyo ukikuta mfululizo mwingine mrefu, usiulize una vitabu vingapi. Uliza kama kitabu kimoja kinamaliza kisa chake. Kikimaliza, ingia popote penye mlango mzuri. Kisipomaliza, tafuta cha kwanza kutoka, na kama hukipati, subiri.

Kusubiri ndiko kunakotushinda, kwa sababu wengi wetu tunanunua vitabu vya mtumba, vile vya kuinama kando ya barabara katikati ya jiji, na pale unasoma kilichopo. Hapo ndipo Discworld inapomfaa mtu wa Nairobi kuliko mifululizo mingi. Ukikuta Small Gods, Mort au Going Postal, nunua leo. Ukikuta Night Watch au Lords and Ladies, nunua vilevile, ukiweke. Majalada ya zamani ya Uingereza utayajua kutoka mbali: watu wamejazana, nyuso zimepinda, rangi zinagombana. Ni kazi ya Josh Kirby, aliyeyachora mpaka alipofariki 2001, kisha akaja Paul Kidby mwenye mkono uliotulia zaidi. Fungua ukurasa wa hakimiliki uangalie mwaka wa zamani kabisa uliotajwa, kwa maana ule wa juu huenda ukawa wa toleo la karibuni na ukakuvuruga mpangilio. Fungua na kurasa za mwisho, uhakikishe zipo. Na uso wako usionyeshe kwamba umekitafuta miezi, bei itapanda papo hapo.

Ukimaliza Guards! Guards! na Mort na hujacheka, mfululizo huu si wako, hata tukikusimulia vipi. Rudi navyo kwa muuzaji. Wengi wanakubali ubadilishe na kuongeza kidogo, na mara nyingi huwa ana juzuu ya kwanza ya kitu kingine.