Hizo milioni 30 mnazozisikia

Shikamoo shangazi, na nyote mlionizidi umri, shikamooni. Nimepata habari kwamba kwenye kikao cha harusi pale Chang'ombe ya Dodoma ilisemwa serikali ya Ujerumani inanisomesha bure, tena imeniwekea zaidi ya milioni 30 benki, hivyo nikaandikiwa ahadi ya laki 5 bila kuulizwa. Mdogo wangu naye amemaliza kidato cha sita, anataka kujua afanye nini ili aje. Nawajibu kwa pamoja.

Ada vyuo vingi vya umma kweli hawatozi. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, mimi siko huko. Na hizo milioni 30 zilikuwepo, ila si za Mjerumani. Ni za baba. Viza ya mwanafunzi hupewi mpaka uonyeshe kwamba una hela ya kujikimu mwaka mzima, euro 11,904, kwa kawaida kwenye akaunti iliyofungwa. Ukishafika inakutolea euro 992 kwa mwezi, na hata ufiwe, haikuongezei. Toa kodi ya chumba, toa bima ya afya ambayo ni lazima, toa chakula. Kinachobaki ndicho hicho mnachokipangia bajeti.

Baba aliuza kiwanja cha Nala, kile alichokinunua kabla serikali haijahamia Dodoma, na pengo akalizibia kwa mkopo. Leo barabara ya mzunguko inapita upande huo na bei mnazijua nyie kuliko mimi. Naomba msinitumie tena picha za Nala.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba kibali cha ukaazi kikikaribia kuisha, unatakiwa uonyeshe hela upya. Kiwanja kingine hatuna. Kwa hiyo nabeba maboksi, na hapa sisemi kwa mafumbo: ni ghala la vifurushi, vingine vinafika kilo 31. Hata hayo maboksi yana kipimo. Mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280, ukizidisha unachezea kibali chenyewe.

Chukueni jana. Saa 2 asubuhi, kiza hakijaisha vizuri, niko kwenye kipindi cha thamodinamiki, yaani somo la joto na nishati, maana nasomea uhandisi. Baadaye maabara: tunavuta kipande cha chuma kwa mashine mpaka kikatike, kisha ripoti yenye grafu na hesabu, mwisho wa kuwasilisha kesho yake. Mchana mazoezi ya mitambo, tukapiga hesabu ya mota inayozungusha mkanda wa kubebea mizigo. Saa 11 jioni giza limesharudi, nami niko ghalani mbele ya mkanda kama ule ule, sasa wenyewe ndio unanizungusha mimi. Msimamizi wa zamu ni kijana mdogo kwangu, ananipigia kelele mbele ya watu, na jina langu hajawahi kulitamka sawa. Nafika chumbani saa 5 usiku, naikalia ripoti mpaka saa 8. Saa 10 alfajiri simu inalia. Dodoma ni saa 12, mmeshaamka, na mtu ananiuliza, "Wewe msomi, bado umelala?"

Jamani! Pigeni Jumapili jioni.

Sasa mdogo wangu, usije. Soma hapo hapo nyumbani, chuo cha Mlimani au DIT kule Dar, au MUST kule Mbeya, kisha utafute ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, uje kwa shahada ya uzamili kwa heshima zako, bila kumuuzisha mtu kitu. Huku, vyuo vingi, somo la lazima ukilifeli mara ya tatu wanakuondoa kwenye kozi, na hilo hakuna anayelisimulia akirudi likizo na viatu vipya.

Ila kama umeshaamua, anza Kijerumani leo, maana shahada ya kwanza ya uhandisi sehemu kubwa inafundishwa kwa lugha hiyo. Mimi sijutii. Mashine za maabara yetu nilikuwa naziona kwenye vitabu tu, siku hizi nazishika. Koti usinunue huko, utadanganywa. Lete mlenda mkavu na unga wa uwele. Utalala kwangu, chini, mpaka upate chumba.

Na mwaka wa kwanza usitume hela nyumbani, hata ulilieweje. Mimi mwezi uliopita nimetuma ya mabati ya bibi kule Kongwa, na mvua zikiezua tena nitatuma.

Shangazi, harusi nitachangia laki 1 na nusu, ghala likishalipa. Mwambie katibu afute ile laki 5, asije akasoma jina langu kikaoni kwamba nadaiwa. Na habari za maboksi baba hajui. Yeye anajua nafanya kazi maktaba.