Unapoota mchana: majibu kwa wasomaji

Niliandika hapa kwamba mtu aliyetulia akitazama mbali si lazima awe mvivu, kwani akili yake huenda iko kazini. Yamekuja maswali. Leo najibu manne.

Shikamoo dada. Ni fundi cherehani, Majengo. Kitambaa cha mteja kikipungua, naumiza kichwa mezani sipati kitu. Jioni nikichambua mchele, mshono unakuja wenyewe. Mume wangu anasema nimezubaa. Ni kweli?

Marahaba, mdogo wangu. Si kuzubaa. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa Marekani walieleza kwamba yako maeneo ya ubongo yanayochangamka zaidi pale mtu asipokuwa na kazi maalumu ya kufanya. Akili ikiachiwa haizimiki. Ila angalia: mshono unakujia wewe, haumjii mumeo, kwa sababu wewe ndiye uliyekipima kile kitambaa na kukigeuza huku na huku. Henri Poincaré, mwanahisabati wa Ufaransa, alisimulia jinsi jibu lilivyomjia alipokuwa akikanyaga ngazi ya gari la abiria, safarini, hesabu hata hazimo kichwani. Lakini kabla ya hapo alikuwa amezihangaikia kwelikweli. Kuumiza kichwa mezani si hasara, endelea nako.

Ni mkulima wa zabibu, Hombolo. Zinaiva za wote kwa pamoja, wanunuzi wanashusha bei. Nikikaa chini ya mti kutafuta njia, naishia kuhesabu madeni.

Shikamoo mzee wangu, na pole sana. Huko ni kukuna kidonda. Jerome Singer, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza njozi za mchana kwa miaka mingi, alitenga njozi za kujenga na zile za hofu na majuto. Mimi huzitambua hivi: ya kujenga hubadilika kila ukiirudia, ya hofu hurudi na maneno yaleyale.

Jaribu hivi. Usiku andika swali moja, dogo. Usiandike "nitatokaje kwenye umaskini", andika "kreti kumi alizokataa mnunuzi nizifanye nini kabla hazijaoza?" Orodhesha majibu yote unayoyajua, kukausha, juisi, kupeleka sokoni mwenyewe, mpaka yaishe. Asubuhi shika jembe upalilie, na swali uliache nyumbani. Usikae bure chini ya mti, maana ndipo madeni yanapokukuta. Mwaka 2012 Benjamin Baird na wenzake, huko California, waliwapa watu kazi ya kubuni matumizi mapya ya vitu vya kawaida, kisha wakawapa mapumziko ya namna mbalimbali. Waliofanya kazi nyepesi katikati walirudi na mawazo mengi zaidi ya kipekee kuliko waliokaa tu, na kuliko waliopewa kazi ngumu. Faida hiyo ilionekana kwa maswali waliyokwisha kuyaona, si kwa mapya. Ndiyo maana nakusisitiza uandike kwanza. Na kalamu iwe mfukoni, kwa sababu wazo la shambani huponyoka kabla hujafika nyumbani.

Naendesha bodaboda, kijiwe cha Jamatini. Mawazo yangu bora huja nikiwa barabarani. Niyafuate?

Hapana, mdogo wangu. Yafuate ukiwa kijiweni unafuta pikipiki.

Nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Kila nikipanda daladala naona kiwanda changu cha mvinyo, malori, wafanyakazi. Mwaka wa pili huu sijaanza chochote.

Hizo ndizo wazee walizoziita ndoto za Alinacha, yule muuza vyombo vya kioo aliyejiona tayari tajiri, akampiga teke mke wa njozini na kumbe teke limepiga kapu lake la vioo. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen, Mjerumani, amechunguza jambo hili kwa muda mrefu: anayejiona amekwisha fika hupungukiwa nguvu ya kuanza safari. Anashauri ukishaiona picha tamu, uweke mara moja mbele yake kikwazo chako halisi.

Kwa hiyo mdogo wangu, kesho kwenye daladala yaache malori. Jione Jumatatu asubuhi umeshika chupa moja, mwenye duka amekukatalia. Amesema nini? Ameulizia kibali? Bei? Ladha? Kaa na sura yake mpaka ushuke, kisha uniandikie alichosema.